Aiskrimu Kwenye Baridi ya Matai

Ukisikia aiskrimu, mpenzi msomaji, akili inakimbilia Dar, Tanga au Mombasa, kwenye joto la kulowesha shati. Nani atafikiria Matai? Mji huu mdogo, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, uko kama kilomita 50 kutoka Sumbawanga, kwenye barabara iendayo bandari ya Kasanga. Juni na Julai baridi ya Ufipa haina utani, makoti yanavaliwa mpaka ndani ya nyumba.

Mke wangu anafanya kazi huko, mimi niko Dar. Ndoa yetu ina miaka miwili, na mwingi wa muda huo tumeuishi kwenye simu. Safari hii nilibeba swali gumu: nani aache kazi amfuate mwenzake? Nilibeba pia kopo la aiskrimu ya vanila kutoka Sumbawanga, ndani ya deli lenye barafu.

"Baba, kwa baridi hii?" akacheka.

Kumbe baridi siyo kikwazo, ni suala la kuiozesha aiskrimu na kitu cha moto. Waitaliano wana affogato, maana yake "iliyozamishwa". Weka donge la aiskrimu kikombeni, mimina kahawa nyeusi kali ya moto, basi. Sisi tulitumia kahawa ya Mbozi. Ndizi mbivu za kukaanga nazo, zikitoka tu jikoni, zinapendeza sana na aiskrimu juu.

Siku ya jua, jaribuni soda. Robert Green wa Philadelphia, Marekani, ndiye anayetajwa sana kuwa alianzisha kinywaji hicho mwaka 1874. Msijaze glasi, maana gesi ya soda ikikutana na aiskrimu povu linapanda mpaka mezani! Milkshake ni rahisi zaidi: maziwa yaliyochemshwa na kupoa, aiskrimu na ndizi, saga kwenye blenda. Na watu wa Pwani wana falooda yao: maziwa, sharubati ya waridi, tambi laini na mbegu zilizovimba majini, aiskrimu juu.

Angalizo: umeme ukikatika na kopo likayeyuka, msiligandishe tena. Bakteria huzaliana kwenye aiskrimu iliyoyeyuka, na kuigandisha upya hakuwaui.

Usiku wa pili, vikombe mkononi, ndipo tulipozungumza. Mwenzangu alisema wazi kwamba anaipenda kazi yake na ameizoea Matai. Kwenye simu hakuwahi kulisema hivyo, na mimi sikuwahi kumuuliza. Tukakubaliana nitafute kazi Sumbawanga au Mbeya hadi Desemba. Nikikosa, yeye ataomba uhamisho. Siyo jibu tamu kama vanila, lakini ni letu wote wawili.

Wapenzi mnaoishi mbalimbali, mkikutana msimalizie siku zote kwa ndugu na harusi. Tengeni jioni moja, zimeni simu, chemsheni kahawa. Mengine mtayamaliza wenyewe.