Sauti iliyofika mwisho wa waya

Hapa Nyarugusu watu wananiita fundi redio. Kazi hii niliianza kwetu Fizi, nikaja nayo kambini. Leo naandika juu ya kosa langu.

Mama mmoja jirani alikosa mgawo wa chakula kwa sababu tangazo halikumfikia. Anakaa mbali na spika. Nikasema basi, tuvute waya mita 200, tuweke spika ya honi kule kwake, ile ya ohm 8. Tulipowasha, ikatoka sauti ya mbu. Nikapiga hesabu: waya ule mwembamba, kwenda na kurudi, una karibu ohm 9. Zaidi ya nusu ya nguvu ilikuwa inaliwa njiani.

Amplifaya yetu ni ya wati chache, inatumia betri ya volti 12. Pesa ya kununua kubwa haikuwepo. Ila nilikuwa na transfoma mbili za redio mbovu, zile za kushusha volti 230 kuwa 12. Moja nikaigeuza: upande wa 12 kwenye amplifaya, upande wa 230 kwenye waya. Volti inapanda kama mara 19, mkondo unashuka vilevile, waya unakula kidogo sana. Kule mwisho transfoma ya pili inashusha tena kwa ajili ya spika.

Haraka ikaniponza. Ile kapasita inayokaa kati ya aisii na spika nilikuwa nimeitoa, nikaifunga kwenye redio ya mteja. Bila hiyo, volti 6 za betri ziliingia moja kwa moja kwenye koili ambayo ina kama ohm 1 tu. Aisii ikatoa moshi mbele ya watu. Mzee wa kijiji akauliza, "Fundi, ndo basi?" Nikakosa jibu.

Wiki mbili nilitafuta aisii nyingine. Wiki hizo mbili mtoto wangu ndiye alizunguka na matangazo, nyumba kwa nyumba, na mvua.

Sasa inasikika. Watu wanasema nimeongeza nguvu. Hapana, transfoma haiongezi hata wati 1, inazisafirisha tu zisipotee. Na waya nimeupitisha juu, kwa sababu mtu akisema kwa nguvu unabeba volti kama 60. Watoto wasiuguse.

Mgawo uliopita nilimkuta yule mama kwenye foleni, mbele yangu.