Je, Liko Taifa Lililozaliwa Baya?

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, nao umeenea katika nchi nyingi. Wachezaji huketi pamoja; mmoja husimulia habari za nchi ya kubuni, yenye majitu na mazimwi, na kila mmoja wa wengine hujifanya mtu wa hadithi hiyo, akisema atakalotenda. Penye shaka hutupa dado. Wako wasemao ya kuwa huu ni upuuzi mtupu. Sisi waalimu twajua ya kuwa mchezo huonyesha yaliyomo moyoni, basi na tuutazame.

Kwa miaka mingi vitabu vya mchezo huo viliyahesabu mataifa mazima kuwa maovu. Mojawapo ni orki, watokao katika hadithi za Tolkien. Jingine ni drow, watu wakaao chini ya ardhi, wenye ngozi nyeusi. Mchezaji akikutana nao hakuwa na haja ya kuuliza wametenda nini, alichomoa upanga. Walakini Tolkien mwenyewe, aliyekuwa Mkristo, aliandika katika barua yake ya mwaka 1954 ya kuwa kuwaita orki wasioweza kuokoka kabisa ni kupita kiasi. Na mwaka 2020 Wizards of the Coast, wauchapao mchezo huo, walitangaza ya kuwa orki na drow wataonyeshwa kama watu wengine, wema wakiwamo na wabaya wakiwamo.

Twasema, Vema. Maana kosa lile hatulioni vitabuni tu. Darasani kalamu ikipotea, macho yote humgeukia mtoto mmoja, wala si kwa kuwa ameonekana akiiba, bali kwa kuwa kabila lake limebandikwa jina la wizi. Tulimwona mtoto akilia hivyo, na baadaye kalamu ikapatikana ndani ya kitabu cha mwenyewe. Samaki mmoja akioza wote wameoza: methali hiyo yafaa kwa samaki, haifai kwa wanadamu.

Lakini wako waendao mbali zaidi. Husema, Kwa kuwa hakuna taifa baya, hakuna na tendo baya. Kila mji una desturi zake, nasi tu nani hata tuhukumu? Hapo hatuwezi kuwafuata. Katika hadithi hizo drow hutumikisha watumwa, na kumtolea Lolth, mungu wao wa kike mwenye umbo la buibui, sadaka ya damu. Yakiwa hayo ni desturi tu, mtumwa wa mji ule atamlilia nani? Desturi ni ya bwana wake, yeye hakuulizwa.

Nasi Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo kuuza watu kulikuwa desturi ya siku nyingi, nayo haikugeuka kuwa haki kwa ajili ya ukongwe wake. Tena walioshika biashara ile ya watu hawakuwa wa taifa moja: walikuwamo Waarabu, Wazungu, na Waafrika wenzetu. Tendo lilikuwa ovu kwa wote waliolitenda, wala ubaya wake haukumo katika damu ya yeyote.

Tumkumbuke nabii Yona. Yeye alitaka Ninawi yote iangamie. Mungu hakusema ya kuwa matendo ya Ninawi ni mema, wala hakusema ya kuwa watu wake hawatengenezeki. Aliwaita watubu, nao wakatubu.

Basi, enyi wazazi, mtoto wenu akija kumshitaki mwenziwe, msimwulize, Ni wa kabila gani? Mwulizeni, Ametenda nini, nawe uliona? Na ikiwa kweli ametenda neno baya, msilifunike kwa kusema ya kuwa ndiyo desturi ya kwao.