Nani Ashike Mali, Nani Aangalie?

Mgonjwa akiulizwa hospitalini nani atamuuguza, hujibu papo hapo. Akiulizwa nani atasimamia mali yake siku akishindwa kusema, wengi hunyamaza.

Mama mmoja wa Kisumu aliona hana nafasi ya kunyamaza. Mwanawe wa miaka 9 ana selimundu, na humeza foliki asidi na haidroksiurea kila siku. Baba alishafariki. Dawa na karo ya dada mtu hutoka kwenye kodi ya vyumba sita vya kupangisha.

Alifikiria wosia. Lakini wosia huanza kazi mwenyewe akishafariki, na mirathi mahakamani huchukua muda. Dawa haingoji. Ndipo akageukia amana ya familia, inayotambuliwa waziwazi nchini Kenya tangu marekebisho ya sheria ya wadhamini ya 2021.

Wakili alimwonyesha nafasi nne. Mwanzilishi hutoa mali na kuandika masharti. Wadhamini, ambao si wale wa kudhamini mkopo, huishika na kuisimamia kwa niaba ya wengine. Wanufaika ndio inaowafaa. Hapa ni watoto wawili. Mwangalizi huhakikisha wadhamini wanafuata masharti.

Mama akaandika jina la kaka yake: mdhamini peke yake, na mwangalizi pia. Si alisaidia mazishi? Si ndiye hulala wodini mtoto akizidiwa?

"Siku mjomba akibanwa na karo ya wanawe," wakili akauliza, "nani atamwambia hapana?"

Mama alikasirika. Lakini hospitalini kwenyewe, daktari huandika dawa na mfamasia huikagua kabla ya kuitoa. Hakuna aliyemwita daktari mwizi. Mtu mmoja hukosea, na mwema naye hubanwa.

Mwishowe wadhamini wakawa watatu: kaka, mhasibu wanayemwamini, na jirani mwalimu mstaafu. Mwangalizi akawa shangazi wa watoto. Masharti yakaandikwa kwa mpangilio: matibabu kwanza, karo pili, ukarabati wa vyumba tatu. Hati ya kiwanja nayo ikahamishiwa kwenye amana, maana amana isiyo na mali ndani yake ni kabati tupu.

Kaka alipoelezwa, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema heri hivyo, maana jambo likiharibika hatalaumiwa peke yake.

Mzazi, kabla ya kumwona wakili, chukua karatasi uandike nafasi hizo nne. Kila moja iwe na jina, na kila mdhamini awe na mrithi wa nafasi yake akifa au akihama. Jina moja likijirudia kwenye kushika na kuangalia, usiite hiyo imani. Tafuta jina la pili, mngali mnaweza kukaa mezani na kuzungumza.