Doa la Kwapani si Uchafu

Mwalimu mwanafunzi anahitaji shati jeupe. Hapa Kampala wengi wetu hulipata katika soko la Owino, kwenye nguo ambazo Waganda huziita mivumba na Watanzania mitumba. Kabla ya kuuliza bei, mimi hutazama kwapani. Pakiwa na umanjano, bei hushuka.

Doa hilo lina aibu kubwa kuliko ukubwa wake. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwenzangu mmoja aliandika nusu ya chini ya ubao tu, mkono ameubana ubavuni. Waliokaa nyuma hawakuona kitu. Waliokaa mbele walimcheka, wakidhani haogi.

Walikosea. Dawa nyingi za kuzuia jasho zina chumvi za alumini. Chumvi hizo zikikutana na jasho, huacha umanjano unaong'ang'ania kwenye nyuzi za nguo. Kwa hiyo anayepatwa na doa hili mara nyingi ni yule anayejipaka dawa kila asubuhi, yaani mtu anayejali usafi.

Wengi hukimbilia jiki. Jiki huweza kuzidisha umanjano, na kamwe usiichanganye na siki, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Mimi hutumia siki nyeupe peke yake: kiasi kimoja cha siki kwa viwili vya maji baridi, nikaloweka kwapa za shati kwa nusu saa. Kisha nasuuza, napaka magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji kidogo, nasugua polepole kwa mswaki mkuukuu, nafua kwa sabuni na kuanika juani. Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Lisipotoka lote, usipige pasi, maana joto hulikaza.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Jipake dawa kidogo, usubiri ikauke ndipo uvae. Vaa fulana ndani. Fua shati jioni ileile, kabla jasho halijazoea kitambaa.

Nilimpa mwenzangu yule siki iliyobaki kwenye chupa yangu. Wiki iliyofuata aliandika tarehe juu kabisa ubaoni. Wenzangu, tukiona doa kwenye shati la mtu, tumpe siki kabla ya kumpa jina.