Nilimsingizia Mpwa Wangu kwa Ajili ya Waya



Nataka kuwaeleza habari ya sabufa, yaani lile sanduku lenye spika kubwa linalotoa sauti nene ya ngoma ndani ya motokaa. Najua wengine wenu mtasema kwamba chombo hicho hakimfai mtu mzima. Mimi nami nilikuwa nasema hivyo. Lakini anayepata riziki kwa kubeba watu wa harusi huku kwetu Mbinga anajua kwamba gari isiyo na mziki mzito hubaki uwanjani ikiota jua, wenzake wakienda zao.

Basi baada ya mavuno ya kahawa nilinunua amplifaya ya wati 500 na sabufa ya inchi 12. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la pili, ndiye aliyevifunga ndani ya Noah yangu. Alifanya kazi kutwa nzima, wala hakudai hata senti. Alipitisha waya mwekundu kutoka betri mpaka nyuma, akatia fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na betri. Waya mweusi aliufunga penye bati la gari, na kabla ya kuufunga alilikwangua bati lile kwa msasa mpaka likang'aa. Nilimwuliza kwa nini anaharibu rangi ya gari yangu. Akacheka, akaniambia, “Mjomba, umeme haupiti kwenye rangi.”

Kwa muda wa miezi minane chombo kile kilifanya kazi vizuri sana. Halafu zikaanza taabu. Sauti ndogo ilisikika sawasawa, lakini kila ngoma ilipopigwa kwa nguvu, amplifaya iliwasha taa nyekundu na sabufa ikanyamaza. Baada ya kitambo ikarudi, kisha ikanyamaza tena. Tena ukatokea mluzi katika spika, ukipanda kila nilipokanyaga mafuta na kushuka nilipoachia.

Siku moja tulikuwa tukimtoa bibi harusi kanisani. Akina mama wanapiga vigelegele, kwaya inaimba kwa nguvu kutoka gari yangu, mara kimya! Watu wakacheka. Mwenye harusi akaniuliza kama mziki wangu nao umefunga ndoa ukachoka. Nikaona haya mno, na hasira ikanipanda. Nikamgeukia mpwa wangu mbele ya watu wote, nikamwambia kwamba amenibadilishia amplifaya yangu, ameiuza mpya na kuniwekea kuukuu. Nikamwita mwizi. Hakunijibu. Jioni ile alikunja nguo zake, akaenda kukaa kwa rafiki yake mjini na kuosha magari ya watu. Mke wangu hakusema kitu, ila siku nyingi aliendelea kumwekea chakula chake.

Nami nilijiona nina haki. Nikampelekea fundi mmoja ile gari, naye hakupima chochote, akaniambia ninunue amplifaya nyingine. Nikanunua kwa shilingi 180,000. Tukaifunga, tukapiga ngoma: taa nyekundu! Hapo mtu mwenye akili angalijiuliza: ikiwa chombo kipya nacho kinafanya vile vile, yule kijana aliiba nini? Mimi sikujiuliza. Nilisema tu kwamba vyombo vya siku hizi ni vibovu.

Mwishowe nikaenda kwa mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa redio, naye sasa anafuga nguruwe. Alikuja na kipimo chake cha umeme katika mfuko wa kitambaa. Kwanza alichomoa waya za sabufa, akachukua betri moja ya tochi, ile ya volti moja na nusu, akaigusisha kwenye waya za spika. Ile karatasi ya spika ikasogea mbele bila kukwaruza. Akasema, “Huyu mzima.” Sabufa ile ina koili mbili za omu 4. Akapima kila moja akapata 3.6, na zikiunganishwa sambamba akapata 1.8. Akanieleza kwamba omu 4 mbili zikiunganishwa hivyo huwa 2, na amplifaya yangu imeandikwa kwamba inaweza kubeba 2. Kama ingalikuwa haiwezi, ingaliwasha taa nyekundu kwa kulemewa. Lakini hapo hapakuwa na kosa.

Kisha akapima betri. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.6. Injini ikiwaka, 14.1. Akasema betri na altaneta ni nzima. Akaniamuru nipige mziki mzito. Penye betri akaona 13.4, lakini penye amplifaya, kila ngoma ilipolia, volti zilianguka mpaka 10.3. “Volti tatu zinapotea njiani,” akasema. “Amplifaya si mgonjwa. Ana njaa.”

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mafundi wengi huruka mahali hapa. Mtu akiona umeme haufiki, huutazama waya mwekundu tu unaoleta umeme. Mzee alinieleza kwamba umeme ni lazima upate na njia ya kurudi, na katika motokaa njia hiyo ni waya mweusi pamoja na bati lote la gari. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba, hata ya kwendea haifai kitu. Akaunga waya mrefu, akashika ncha moja ya kipimo penye hasi ya betri na nyingine penye mlango wa waya mweusi kwenye amplifaya, mziki ukilia. Ilitakiwa kipimo kisionyeshe hata robo ya volti. Kilionyesha 2.8.

Akafuata waya mweusi kwa kidole mpaka mwisho. Ulikuwa umefungwa kwenye bolti ya kiti, juu ya rangi. Akaniuliza, “Nani aliuhamisha?”

Lo! Hapo ndipo nilipokumbuka. Ni mimi. Nilipoongeza kiti cha nyuma nilipata kizuizi, nikaufungua waya ule na kuufunga mahali pengine palipokuwa karibu. Nilitumia dakika tano tu, wala sikumwambia kijana.

Hayo hayakutosha. Mzee alifungua boneti na kutazama penye fyuzi. Akakuta msumari. Huo nao niliuweka mimi. Fyuzi ilikuwa imeungua, duka lilikuwa limefungwa, na abiria walikuwa wananingoja. Akaniuliza kwa nini fyuzi iliungua. Sikujua. Akanionyesha tundu la bati ambamo waya mwekundu unapita kutoka penye injini: ule mpira wa kuzuia ulikuwa umetoka, na ukingo wa bati umeula waya mpaka shaba ikaonekana. Siku moja uliligusa bati, fyuzi ikafa, kama ilivyowekwa ifanye. Baada ya msumari, siku ambayo waya ungeligusa bati tena, hakuna kitu ambacho kingekatika. Waya wenyewe ungewaka kuanzia mbele mpaka nyuma, na kiti kile nilichokiongeza, ambacho huwakalisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, kiko juu yake kabisa. Nikakaa chini kwenye majani.

Kazi ya kutengeneza haikuzidi saa mbili. Waya mweusi ulirudi pale kijana alipokwangua, na volti zilizopotea zikawa 0.1. Waya mwekundu tuliukata na kuuvisha mpira mpya. Ule mluzi uliondoka, maana hata huo ulitokana na waya mweusi uliolegea.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padre aliniuliza swali moja tu: “Umekwenda kwa kijana?” Nikajibu bado. Akasema, “Basi nenda.”

Nilimkuta mahali pa kuoshea magari, amekunja suruali mpaka magotini. Kwa kuwa nilimwita mwizi mbele ya watu, nilimwomba radhi mbele ya wale waliokuwapo. Aliendelea kuosha gurudumu. Kisha akauliza, “Mjomba, fyuzi umeweka?” Nikamwambia kwamba mjini sikupata ya ampea 60, kwa hiyo waya nimeuacha umechomolewa betrini.

Jumapili baada ya Misa alikuja nyumbani na fyuzi mbili. Moja akaiweka mahali pake. Ya pili akaitia ndani ya kisanduku cha dashibodi, akaninyoshea mkono nimpe ule msumari, akautupa chooni. Mke wangu alikuwa amekwisha kumwandalia chakula.