Mwarobaini wa Mji wa Kale na Jamaa Zake

Atokaye Ngome ya Yesu kwa miguu na kuingia vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hushukuru kivuli cha nyumba zilizosongamana. Na penye uwazi huenda akakuta mwarobaini. Asili ya mti huu ni Bara Hindi. Jina lake latokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini, hesabu ambayo hakuna daktari aliyeithibitisha.

Toka hapo hadi Bandari ya Kale si mbali, na maji yake ndiyo yaingiayo Hori ya Tudor. Katika hori za pwani hii, miti yote ya matopeni huitwa mikoko kwa jumla, kumbe haikuzaliwa tumbo moja. Mkoko wenyewe ndio utoao boriti za dari za Mji wa Kale, na gome lake lina ukali wa kutengenezea ngozi. Mkomafi, wenye tunda kubwa la mviringo, humea katika tope lile lile, na mgeni angeapa kuwa ni ndugu. Sivyo. Ndugu ya mkomafi ni ule mwarobaini wa mjini.

Undugu huo ulisomwa kwanza katika ua, ambamo vijiti vya kiume vimeungana mfano wa kijibomba. Baadaye ushahidi ulitafutwa ndani ya utomvu na mbegu. Ukitafuna mbegu ya ndimu, ulimi huona uchungu: huo ni wa limonini, ambayo umbo lake lilijulikana mwaka 1960. Dawa za kabila hilo, ziitwazo limonoidi, zimo pia katika mwarobaini na mkomafi. Iliyo kali kupita zote, azadirakhtini, ilitengwa Uingereza mwaka 1968 kutoka mbegu za mwarobaini. Nzige wa jangwani, ajapokuwa na njaa, hulikataa jani lililopakwa dawa hiyo. Ndiyo sababu wakulima hunyunyizia mimea maji ya mbegu hizo.

Lakini ulimi peke yake ni shahidi dhaifu. Shubiri nayo ni chungu, wala haina undugu na miti hii. Uchungu wake ni wa dawa nyingine kabisa. Mkemia hutafuta kitu chenyewe, si ladha yake.

Chembe za urithi zilipochunguzwa, mpango mpya wa mwaka 1998 uliweka mdimu, mwarobaini na mkomafi katika fungu moja. Mkoko ulitengwa nao, ukawekwa fungu moja na mhogo.