Kuogelea Huanza kwa Pumzi

Watu wengi hudhani ya kwamba kumfundisha mtu kuogelea ni kumwonyesha jinsi ya kupiga mikono na miguu. Mimi nimewafundisha watoto na watu wazima katika pwani ya Mombasa kwa miaka kadhaa, siku za Jumapili, na naona ya kwamba mikono na miguu ndiyo sehemu iliyo rahisi. Kazi yenyewe ni kuiondoa hofu, na hofu hukaa katika pumzi. Mtu aogopaye maji hujaza hewa kifuani, hufunga kinywa, kisha husahau kuitoa. Baada ya kitambo kidogo husongwa na pumzi yake mwenyewe, naye hudhani ni maji yamsongayo.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo karani mmoja, mtu wa bara, umri wake umepita miaka 40, ambaye huvuka kwa feri pale Likoni kila siku ya kazi. Alinijia akasema, "Mwalimu, sitaki kushindana na mtu. Nataka siku nikianguka majini niweze kungoja msaada nikiwa hai." Naam, hayo ndiyo matumizi ya kwanza ya elimu hii, na ni wachache wanaoyataja. Wenyeji wa Mombasa hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, siku ambayo feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Sisemi ya kwamba kila ajuaye kuogelea angeokoka katika msongamano kama ule. Lakini bwana huyu alikuwa akivuka kila asubuhi huku amekishika chuma cha feri kwa mikono miwili, wala hakuwa radhi kuendelea hivyo mpaka siku ya kustaafu.

Nilipomwuliza hofu ilianza lini, alinieleza ya kwamba alipokuwa mtoto wakubwa wake walimtupa mtoni, wakisema maji yenyewe yatamfundisha. Alitolewa akiwa hai, na tangu siku ile hakuingia tena katika maji yapitayo magoti. Wako watu wanaoisifu njia hiyo hata leo. Mimi naiona ni ukatili mtupu. Mtoto aliyetupwa majini hujifunza jambo moja tu, yaani asimwamini mtu aliyesimama karibu naye.

Basi tulingoja siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa kuwa wakati wa bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu mno. Tulichagua mahali penye mchanga ulio sawa, maji ya kiunoni, nami sikukaa mbali naye kupita urefu wa mkono wangu. Jumapili ya kwanza hatukuogelea hata kidogo. Alinawa uso, kisha akatia kinywa majini akapuliza polepole kama mtu apulizaye uji wa moto, akainua kichwa, akavuta pumzi, akarudia. Baadaye akatia uso mzima. Jumapili 3 zilipita hivyo. Watoto waliokuwa wakicheza ufukoni walimcheka, nami nikawaita waje wapulize pamoja naye. Kumbe nusu yao hawakuweza!

Ndipo tukafika kwenye kuelea chali. Hapa yafaa msomaji ajue sababu, maana akili ikielewa mwili hutulia. Kifua kikijaa hewa, miili ya watu wengi huwa myepesi kidogo kuliko maji. Tena lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na ya mtoni gramu 1,000, basi bahari hutubeba vizuri zaidi. Lakini kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5, na akikiinua atazame anakokwenda, miguu huzama mara moja. Kwa hiyo masikio sharti yaingie majini, macho yatazame mbingu, na tumbo liinuliwe. Nilimwekea kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine mgongoni, na kila nilipotaka kuondoa mkono nilimwambia kwanza. Mwalimu akidanganya mara moja tu, amepoteza kazi ya mwezi mzima.

Hata hivyo, kabla ya kumwacha aelee peke yake, nilimfundisha kusimama: akunje magoti kuelekea kifuani, alete kichwa mbele, asukume maji kwa viganja, ndipo akanyage chini. Walimu wengi huliruka somo hili. Nami nimeona ya kwamba wengi huogopa kulala juu ya maji kwa sababu hawajui watarudije kusimama. Alipolijua hilo, Jumapili ya sita alielea nami nikahesabu mpaka 60. Kugeuka kutoka kifudifudi hadi chali, na kupiga miguu mita 10 kurudi ufukoni, kulifuata bila taabu kubwa.

Mke wake naye alitamani kujifunza, ila hakuona vema kuvua mavazi yake mbele ya wanaume. Hili si kizuizi. Huko Nungwi, kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima. Nilimpeleka bibi huyo kwa mwalimu mwanamke.

Karibu na likizo yake karani aliniuliza habari za bwawa la kunyweshea ng'ombe nyumbani kwao, ambalo kingo zake ni za udongo utelezao. Nilimjibu alizungushie ua, kisha awaambie watu wake mambo mawili. Twasema mfa maji haachi kutapatapa, na ni kweli, ila kutapatapa kwake aghalabu hakuna sauti, kwa kuwa kinywa kikitokeza juu hutafuta pumzi tu. Basi wasingoje kusikia ukelele. Tena asiyejua kuokoa asirukie ndani, maana anayezama atamkumbatia wazame wote wawili. Amnyoshee mti mrefu, au amtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara. Mtu aliye majini si mzito kama alivyo nchi kavu, na dumu hilo latosha kumweka kichwa juu. Alinunua dumu na kamba ya kufika katikati ya bwawa, akavitundika kwenye kigingi kando ya maji, akawakataza watoto wasivichukue kuteka maji.